Bega la Arnajaraq

Uutaaq alijua njia moja tu ya kuinuka kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, ikipinduka: kwa kasia jembamba la mbao, ulilolichonga mwenyewe kwa kipimo cha mikono yako. Kiangazi kizima alimfunza mpwa wake Arnajaraq njia hiyo, na binti hakuiweza. Bega lake la kulia liliwahi kuteguka. Kila akizama, alivutwa nje akitapika maji ya chumvi.

"Mjomba, kwenye klabu ya kayaki kuna kasia pana. Nikilitumia naweza kuinuka."

"Lile koleo la theluji? Babu yako angekucheka huko aliko."

"Babu alikuwa na mabega mawili mazima."

Uutaaq alinuna. Jumapili akamtoa tena, na kasia ni lile lile jembamba. Walipofika katikati ya ghuba, upepo ukashuka ghafla kutoka kwenye barafu na kayaki ya Arnajaraq ikapinduka. Uso wake ulichomoza mara moja, ukarudi chini. Mara ya pili ulitokeza mkono tu. Kisha kimya.

Uutaaq alipomfikia, alilikata kwa kisu koti la ngozi ya sili lililomfunga kwenye mdomo wa kayaki, akamlaza juu ya chombo chake na kumpeleka ufukweni, midomo ya binti imekuwa ya buluu.

Arnajaraq alinusurika, ila bega liliteguka upya, akalazwa hospitali. Dada yake Uutaaq, Bibiane, mama wa binti, hakumgombeza kaka yake. Alimmiminia kahawa, akasema, "Alikwambia, kaka," basi.

Kesho yake Uutaaq alikwenda klabuni peke yake, akaazima kasia pana. Alizama na kuhangaika kama mwanagenzi. Jioni aligundua kwamba akiinukia upande wa kushoto, kiuno ndicho kinachofanya kazi, bega la kulia halisumbuki. Miaka hamsini majini, na hakuwahi kujaribu kushoto.

Akaenda hospitali kumweleza Arnajaraq.

"Ungejaribu Jumamosi, mjomba, kabla hujanitoa," Arnajaraq alisema, macho dirishani.



Majira ya kuchipua binti alirudi majini, lakini na watu wengine. Alimwomba Bibiane amfikishie kaka yake ujumbe kwamba hana kinyongo, ila anamwogopa akiwa karibu. Uutaaq aliupokea. Siku hizi husimama juu ya mwamba, mbali, akimwona mpwa wake anavyopinduka na kuinukia kushoto, naye hushusha pumzi.