Majivu ya Mtani

Wivu ulimwingia Lugembe siku maji yalipoanza kuingia kwenye boila yakiwa ya moto tayari.

Kabla ya siku hiyo, yeye ndiye aliyekuwa mwenye moto. Kituo cha Kurban cha kufua umeme, nje kidogo ya Ng'ambo, kilikula makaa ya mawe mchana na usiku, na mtu wa kukilisha alikuwa Lugembe na beleshi lake. Bosi Kurban mwenyewe akifika alimsalimia yeye kwanza. Ndipo akaletwa Asmahani, fundi wa Kizaramo, akapanga vioo vya sola juu ya paa ili jua liyapashe maji kabla ya boila. Makaa yakapungua na salamu zikahamia kwa binti. Lugembe akabaki na donge rohoni.

Na hata kununa hakuruhusiwa. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani hanuniwi.

"Mtani, jua limekunyang'anya kazi," Asmahani alimwambia kila asubuhi. "Nenda ukalime tumbaku."

Watu wakacheka, naye akacheka, huku akimchukia kwelikweli.

Asmahani alipokwenda Isikizya kwa wiki moja kukagua kazi nyingine, Lugembe akahamisha jalala la majivu. Akalipeleka mashariki, upepo unakotokea. Vioo vikavaa majivu, maji yakaja ya baridi, boila likadai makaa kama zamani. Kurban akakunja uso.

"Vioo hivi ving'olewe," alisema. "Mzee Lugembe wangu ananitosha."

Neno hilo lilimnenepesha Lugembe. Kwa bahati mbaya njia ya mwongo ni fupi, na Asmahani alirudi kesho yake. Alipanda juu ya paa, akateremka na majivu kiganjani, akaja moja kwa moja hadi kwa Lugembe na kumpaka uso mzima mbele ya watu.

"Mtani, mali yako hii. Upepo uliipeleka juu, nakurudishia."

Kituo kizima kikaangua kicheko, Kurban akiwemo. Asmahani akamgeukia bosi. "Ni vumbi tu. Nipe maji na vitambaa."

Kufikia adhuhuri maji yalikuwa ya moto na beleshi limelala. Lugembe alishinda akingoja kuitwa ofisini. Hakuitwa. Jioni akamfuata binti kwenye bomba, alipokuwa akinawa.

"Mbona hukunisema kwa bosi?"

"Nimekusema, mtani. Tena mbele ya watu wote."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaenda zake bila kinyongo chochote. Lugembe alimtazama, na roho ikamuuma kuliko siku zote. Alikuwa amemwonea wivu wa vioo, akamwonea wivu wa salamu, na sasa alimwonea wivu wa moyo ule, kwa sababu angekuwa yeye, angemsema kwa bosi.

Akachukua toroli, akaanza kurudisha majivu kulekule yalikokuwa.