Kamba Aliyejifungia

Mzee Vioo hakuwa mpenda wanyama. Paka walimpitia mbali, na mbwa wa jirani hata kumbwekea aliona ni kazi bure. Kwa hiyo waliomkuta asubuhi ameinama sebuleni mbele ya tangi la maji ya chumvi, ana kipande cha nyama ya kaa kwenye kibanio kirefu, akibembeleza kidudu kisichozidi urefu wa kidole, walidhani uzee umempanda kichwani.

Kidudu chenyewe kilikuwa kamba, lakini si kamba wa kukaangwa. Ni wale wanaoitwa kamba vunjajungu: kijani kwa wekundu, macho juu ya vijiti, kila jicho likitazama upande wake, na mikono miwili iliyokunjwa kifuani, migumu kama nyundo. Konokono alipigwa mara moja tu, nyumba yake ikawa vigae. Hata kioo cha tangi la kwanza kilipata ufa kwa mkono huo huo.

Aliyemleta ni binti wa mzee, tena bila kukusudia. Alinunua jiwe la baharini la kupamba tangi la samaki wake, kumbe jiwe lina mpangaji. Samaki wakapungua mmoja mmoja mpaka akabaki mwenye jiwe. Watu wakamshauri amtupe. Binti akakataa. Alikata vioo vinene dukani kwa baba yake, akaviunga kwa gundi, akamjengea kamba nyumba ya peke yake, kwa sababu kamba huyu hakai na mwenzake.

Na binti alikuwa fundi, si msaidizi wa fundi. Almasi ya kukatia ikipita mkononi mwake, kioo kilikatika bila kubishana. Mzee aliliona hilo miaka mingi na hakulisema hata siku moja, kwa imani kwamba kumsifu mtoto ni kumharibu, na wa kike ni kumharibu mara mbili. Ulipofika wakati wa kupumzika, duka akampa kijana wake wa kiume, ambaye mpaka leo akibeba kioo wateja hurudi nyuma. Binti hakulia wala hakugombana. Alifunga begi akahamia mji mwingine, na kamba akamwacha, maana tangi la maji halipandi basi.

Mama mtu alikwisha tangulia mbele ya haki, kwa hiyo nyumbani walibaki mzee na mdudu.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana simu ililia. Binti aliuliza kama kamba amekula, chumvi ya maji ikoje, pampu inavuta sawasawa. Basi. Hakuuliza habari za baba, na baba hakuuliza habari zake. Wote wawili walijificha nyuma ya mdudu. Mzee akajifunza kuyarefusha majibu. Kamba akichungulia kwa jicho moja, kwake ilikuwa hadithi nzima. Aliishi kwa simu ile. Na alijua vizuri kwamba siku kamba akifa, simu nayo imekufa.

Binti alimpa maelekezo chungu nzima. Moja lilikuwa hili: kamba huvua ganda lake lote, na kabla ya hapo huziba mlango wa shimo lake la jiweni kwa kokoto, akajifungia humo bila kula; ganda la zamani hulisukuma nje, akaziba tena mpaka jipya likomae. Wakati huo ni laini, hawezi kujitetea, asiguswe. Alimweleza baba yake taratibu, naye akaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini mzee alikuwa akisikiliza sauti tu, jinsi ilivyoanza kufanana na ya mama yake. Maneno yalimpita. Na tangu lini yeye akamsikiliza mtoto huyu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mdogo hakutungiwa methali, ndiyo maana wazee wa namna hii hupotea huku wanajiona wamefika.

Kamba alipoziba mlango, mzee aliona ni kiburi. Alipoacha kula, akaona ni maradhi. Kisha Jumamosi moja asubuhi akamkuta nje ya shimo, chali mchangani. Macho juu ya vijiti, nyundo zote mbili, mkia, kila kitu kipo, na hatikisiki. Mzee alimchota kwa chujio huku amegeuza uso, akamfunga kwenye gazeti, akamfukia nyuma ya nyumba. Angemtazama mara moja tu, angeona mwanga unapita, ndani hamna mtu. Jicho lililozoea kuona mkwaruzo kwenye kioo kutoka ng'ambo ya barabara halikumtazama maiti wake mwenyewe.

Kesho yake binti angepiga simu. Mzee angeweza kungoja simu hiyo, amwambie kamba amekufa. Badala yake alikwenda kwa muuza samaki wa mapambo, akamkuta na kamba wa aina ile ile ndani ya chupa, mkubwa kidogo na mwekundu zaidi. Akajiambia kwamba kwenye simu rangi haionekani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakufuga kamba. Mgeni alilizunguka tangi, akafika kwenye mlango uliozibwa, akaanza kuziondoa kokoto moja moja. Mzee alifurahi kuona amezoea upesi. Mgeni akaingia. Likasikika pigo, halafu jingine, nayo hayakuwa na ule mlio wa kupasua ganda la konokono. Akatoka kinyumenyume akiburuta kitu laini, kijani kwa wekundu, ambacho miguu yake ilikuwa ingali inapiga maji.

Mzee aliutumbukiza mkono mzima. Mgeni alimpasua kidole, lakini mzee hakuurudisha mkono nyuma. Alipompata yule wa kwanza alikuwa amekwisha tulia, kiganjani laini kama kidole cha mtoto aliyezaliwa leo. Hapo ndipo maneno ya binti yalipomrudia, yote, kwa mpangilio wake. Mzee alikaa sakafuni akalia kwa sauti.

Simu ilipolia Jumapili, alikuwa ameuandaa uongo tayari. Ukamshinda. Alisema yote.

"Ulimtazama kabla ya kumzika?" binti aliuliza.

"Sikumtazama, mwanangu. Nilijua amekufa."

"Ukamtafuta mwingine."

"Niliogopa hutapiga tena."

"Ulizika ganda. Alikuwa ndani, baba. Alikuwa hai, anangoja awe mgumu tu. Na wewe ukamwingiza mwingine mahali pake. Kazi hiyo unaijua."

Hakupandisha sauti. Alimwambia amlee huyo wa pili, maana hana kosa lolote, akakata.

Jumapili iliyofuata simu haikulia, wala zilizofuata. Mgeni alinenepa. Mzee alimchukia kwa moyo wake wote na akamlisha kila asubuhi.

Mwisho alipiga yeye, kwa mara ya kwanza. Alikaa muda mrefu kabla ya kubonyeza namba, akitafuta aanze na lipi. Bila habari za kamba hakuwa na swali. Hakujua mwanawe anafanya kazi gani wala analala wapi.

Aliyepokea ni mwanamke asiyemjua, nyuma yake msumeno ukikata alumini.

"Fundi yuko juu ya ngazi, anapachika kioo," alisema. "Nimwambie ni nani?"

Fundi. Neno hilo mzee aliitwa maisha yake yote na hakuwahi kumgawia binti yake. Kwa mbali akaisikia sauti yake ikiamuru watu, shika hapo, polepole, usiachie, na ilionekana wanamtii. Baba yake, alitaka kusema.

"Mteja," alisema.

"Basi subiri kidogo, mteja. Kimekaa hicho, anashuka."

Mzee akasikia ngazi ikilialia chini ya miguu, kipago kwa kipago, na kabla haijanyamaza akakata simu.