Oili Juu ya Pistoni

Waombolezaji waliondoka Jumanne. Jumatano nikajikuta nimesonga bukari, ugali wetu, ya watu wawili, nikaikasirikia sufuria, nikatoka nje kulitazama trekta.

Lilikuwa uani, bati lake limebonyea upande mmoja. Mume wangu Modeste alikuwa akishuka nalo mteremko wa Nzilo, gurudumu la nyuma likapanda kichuguu, trekta likampindukia. Lililala magurudumu juu mpaka asubuhi, wachimbaji wa shimo la jirani wakalisimamisha kwa kamba na kulivuta hadi kwetu. Modeste mwenyewe alikaa hospitali siku mbili tu, akafa.

Mimi, Micheline, ni fundi wa injini. Miaka kumi na tisa nilifanya kazi katika gereji ya mgodi, wanaume wakiniita Mama Injini kwa utani, na baadaye bila utani. Kwa hiyo nilifanya ninachokijua. Nikavuta kijiti cha kupimia oili: karibu kikavu, na chini hakuna tone lililovuja. Nikafungua kichujio cha hewa: kimelowa mafuta meusi. Nikatia nondo kwenye puli ya mbele, nikaizungusha injini kwa mkono. Ikaenda robo, ikagoma. Ilipolala kichwa chini, oili ilikimbilia pasipo pake, ikajaa juu ya pistoni. Chuma chenyewe kilikuwa kizima. Ilibaki kufungua injekta nne, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, oili itoke, basi.

Sikuzifungua. Mungu hakutupa mtoto, na wazee wa ukoo wa Modeste walikwisha kusema palepale matangani kwamba trekta litarudi kwa ndugu zake. Lakini ndilo lililonilisha tangu niache gereji, kwa kulima mashamba ya watu. Wakiamini limekufa, wataniachia. Nami nitalifufua wakishaondoka.

Jumamosi akaja Kalonji, mdogo wake Modeste, dereva wa lori la kwenda Dilolo. Si mtu mbaya. Kwenye mazishi alilia kuliko sote. Nilimwambia injini imekufa. Akaijaribu kwa nondo, ikagoma, akatikisa kichwa. Moyo wangu ukatulia. Kisha akasema huenda imekwama kidogo tu, betri yenye nguvu itaikwamua, na ya trekta maji yake yalimwagika; akaenda kufungua ya lori lake, akaifunga hapo.

Betri ya lori ina nguvu. Pistoni ingegonga oili isiyobanika, na bielle, ule mkono unaoisukuma, ungepinda. Ningenyamaza tu, ufunguo uzunguke mara moja, trekta lingekuwa langu. Bovu, lakini langu. Bielle ningeitafuta Kolwezi hata kwa mwaka mzima. Nikafumba mdomo. Nikashika mikono yangu nyuma. Kalonji akapanda, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akashika ufunguo.

"Tosha mukono," nilisema, nikimtaka autoe kwenye ufunguo. "Mafuta iko mu silinda. Utapinda bielle."

Akaniangalia, mkono bado uko pale.

"Njo kusema iko muzima, Mama Micheline," akasema, kumbe injini haijafa.

Nilijichukia. Mtu mzima, mjane, nimeshindwa kunyamaza dakika moja kwa faida yangu mwenyewe, eti kwa sababu sivumilii kuona injini nzima ikivunjwa mbele yangu.

Basi nikaleta spana. Nikazifungua injekta zote nne, nikazungusha kwa nondo, oili ikaruka juu na kuniangukia kwenye kitenge cha msiba. Nikazirudisha injekta mahali pake, nikaongeza oili, nikatoa hewa kwenye mabomba ya mafuta. Kalonji akawasha. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe uani kote, kisha ikakaa sawa, silinda zote nne, hakuna iliyokosa. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi, nikageuka nimwambie Modeste, hakuwapo.

Kalonji aliomba radhi. Alisema wazee wamekwisha kukata shauri, na hawezi kurudi mikono mitupu. Lori angelifuata kesho. Akalitoa trekta langoni polepole.

Nikamkimbilia. Nikapiga bati la gurudumu kwa kiganja, akasimama, uso umembadilika. Nadhani aliogopa kwamba nitalala barabarani mbele yake.

Nilimwambia oili ile imechafuka, aimwage baada ya saa kumi za kazi, aweke mpya.