Naftalini ya Mwanvua

Mwanvua alikuwa mkunga wa Ujiji, na kwa mdomo hakuwa na mpinzani. Mwaka ule Warundi walipofurika kambini, njia ya Kidahwe, kila mzazi aliuonja ulimi wake. Agnesi, mmoja wa wakimbizi hao, alipomleta zahanati mwanawe wa siku tisa, wa manjano macho hadi nyayo, mkojo mweusi kama chai ya rangi, Mwanvua alipandwa na mori.

"Umempa nini huyu?"

"Maziwa yangu tu, mama."

"Mwongo mkubwa! Mizizi yenu hiyo! Vita mmeikimbia, halafu mnakuja kuniulia watoto hapa mbele ya macho yangu? Muuaji wewe!"

Foleni nzima ilisikia. Agnesi alimkumbatia mtoto tu. Hilo nalo likamkera Mwanvua, akaendelea kubwata mpaka Daktari Aikande, Mpare aliyehamishiwa Kigoma mwaka huo, akatoka chumbani.

Daktari alipima malaria, hakuna. Kisha akainama, akanusa fulana ya mtoto.

"Nguo hii imetoka wapi?"

"Kwangu," alisema Mwanvua kwa fahari. "Za wanangu hizo. Miaka ishirini sandukuni, hata nondo hajazigusa. Nimewagawia wasio na kitu."

"Ulizifua kwanza?"

Zifuliwe ya nini? Ujiji nguo inayonukia naftalini ndiyo nguo safi. Bibi harusi hunukia hivyo, na sanduku la mwali halifungwi bila vile vidonge vyeupe. Mwanvua alivipanga kwa mkono wake mwenyewe, kila kunjo kidonge.

"Naftalini haiyeyuki, inageuka mvuke na kujikita kwenye nguo," alisema daktari huku akimvua mtoto haraka. "Ikipita kwenye ngozi, mwili unaigeuza sumu inayopasua chembe za damu. Wapo watoto, hasa wa kiume, wanaozaliwa bila kinga yake. Na huyu amepakwa nini?"

"Mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi," alisema Agnesi polepole. "Mama mkunga ndiye aliyetuambia, asubuhi na jioni."

"Mafuta ndiyo yanaifungulia mlango. Anahitaji damu, leo hii. Leteni gari!"

Hasira ya Mwanvua ilitafuta pa kutua. Alimlaani mwenye duka aliyemuuzia vidonge bila neno la onyo, akawalaani waliovitengeneza, akailaani na serikali. Loo, aliwalaani wote! Walipokwisha akabaki yeye. Nani alilifungua sanduku? Nani alimvisha mtoto, akampiga busu la utosini? Alitamani kujipiga makofi.

Mtoto alipona, nisikufiche. Aliwekewa damu mara mbili. Lakini saa ile hakuna aliyejua, na alikuwa amelegea mikononi mwa mama yake kama kitambaa kilicholowa.

Agnesi alikuwa ameshaweka mguu mmoja garini alipogeuka.

"Umeniita muuaji mbele ya hawa. Waambie."

"Nenda kwanza, mwanangu. Ukirudi nitasema."

"Oya, hapana! Sasa hivi. Nguo zingine umewapa akina nani?"

Mwanvua akahesabu kwa vidole. Watoto saba! Aliwavisha watoto saba! Gari likaondoka, naye akaikabili foleni. Sauti iliyozoea kuwakemea watu ikamtoka kwa shida.

"Jamani, Agnesi hana kosa. Kosa ni langu. Nguo nilizowapa zina sumu, zivueni watoto, zivueni sasa hivi!"

Wanawake walitazamana. Nyuma kabisa alisimama Melania, amempakata mwanawe ndani ya sweta la kijani lililotoka kwenye lile sanduku. Mwanvua alimkimbilia, mikono mbele.

Melania akarudi nyuma hatua mbili.

"Usimguse," alisema. "Nitamvua mwenyewe."