Kikundi cha Mama

Usiku wa jana niliota nimeitwa ukumbini kujieleza, na aliyeniita ni kodiani, kile kinanda cha taarabu.

"Salha," kodiani likasema, likivuta pumzi, "ni wewe uliyesema Nuru ya Kisosora wanapiga kelele za kufukuzia nyani?"

"Ndiyo mimi." Kwa nini nifiche? Kikundi kile cha taarabu kilinikera tangu utotoni. Wimbo mmoja nusu saa! Mama alikuwa akiweka kanda yao kila Ijumaa huku anakuna nazi, nami natoka nje nimenuna. Sasa mama hayupo, na kwa jinsi miaka ilivyopita, hata sauti yake imenitoka kichwani. Hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe.

"Desturi unaijua," linasema kodiani. "Anayeguswa na ubeti ainuke akamtunze mwimbaji."

"Mimi haujanigusa."

Basi ubeti ukashuka jukwaani, ukapita katikati ya viti ukiwaomba radhi akina mama, ukanigusa begani. Ningefanyaje? Nikainuka.

Nacheza taratibu kwenda mbele, noti mkononi, na kila nikikanyaga ukumbi unazidi kuwa jiko letu la Ngamiani. Fidla zimepangwa kabatini pamoja na sahani. Na pale kwenye mbuzi ya kukunia nazi amekaa mama, kajifunga kanga kifuani, hana habari na mtu.

"Usikurupuke," fidla moja ikaniambia. "Anakaa mpaka wimbo uishe. Ukiisha anaondoka."

"Zimebaki beti ngapi?"

"Huu wa mwisho."

Masikini mimi! Nikawapigia magoti waimbaji. "Rudieni, jamani! Tangu mwanzo, na msiharakishe!"

Wakarudia. Na ulikuwa mtamu, wallahi, sijui masikio yangu yalikuwa wapi siku zote. Nikauimba nao huku nalia.

Mama akainua uso, akacheka. "Leo umeuona mfupi, eeh?"

Akapiga kigelegele. Sauti ile ile, nyembamba, inakwaruza kidogo mwishoni. Nikamjibu. Akanijibu. Tukaendelea hivyo mpaka kodiani likaishiwa pumzi.

Nilipofumbua macho kulikuwa kunapambazuka. Mume wangu, Shamte, amekaa kitandani ananitazama.

"Vigelegele vyote hivyo vya nini, mama watoto? Majirani watatuelewaje?"

"Nilikuwa naota tu."

"Wewe nilikutambua," akasema. "Yule aliyekuwa anakujibu ndiye nani?"