Kona ya Machimbo

...na si kwamba hajui kufunga kamba za viatu, mwanamke mzima wa arobaini na ushee, ni vidole ndivyo vilivyogoma, ncha zimekuwa nyeupe kama mishumaa, anaviona vikishika kamba lakini hana habari kama vimeshika, kamba inateleza, anaiokota, inateleza tena, na maji yanamdondoka kidevuni mpaka gotini, mvua hii haijapumua tangu alfajiri, ilikuwepo ziwani wakati wa kuogelea, ilikuwepo kwenye kilomita zote tisini za baiskeli, na sasa ipo hapa kwenye uwanja wa kubadilishia, ambapo amekaa kitako kwenye matope karibu na uzio wa vyuma, baiskeli yake imetundikwa nyuma yake ikichuruzika, kiatu cha kulia kimeshafungwa, kimefungwaje hata hajui, bado cha kushoto, kisha ni kukimbia tu, nusu nzima ya marathoni, na wangapi wamekwisha kuacha, wamefunikwa mablanketi kule hemani wanatetemeka kama vifaranga, yeye hajaacha, yeye yupo, tena ni wa tatu kwa wanawake, mwamuzi mwenye filimbi amemwambia alipoingia, "Wa tatu, dada, kaza buti," na moyo ukamruka, wa tatu, yeye, ambaye mwaka jana alimaliza wakati watu wanakunja hema, wa tatu kwa sababu yule aliyekuwa wa tatu... hapana, kamba kwanza, kitanzi, zungusha, pitisha... "Dada!"... imeteleza... "We dada, husikii?"

Ni mama huyo, ng'ambo ya uzio, mwavuli umepinduliwa na upepo na yeye bado kaushikilia juu kana kwamba unamsitiri, na anamwita dada kama anavyomwita kila mtu, tangu siku mdogo wake alipozaliwa hakuna aliyemwita kwa jina lake tena, siku moja alikuwa mtoto na kesho yake akawa dada, "Dada, mwenzio yuko wapi?", na yeye anasema bila kuinua uso, "Yuko nyuma, mama, anakuja," na sauti yake imetoka sawasawa kabisa, sauti ya kazini, ile anayowaambia wagonjwa katika chumba cha eksirei, vuta pumzi, shikilia, usitikisike, haya pumua, sauti ambayo haimwambii mtu alichokiona kwenye picha, hiyo si kazi yake, yeye hupiga picha tu, daktari ndiye asemaye... "Nyuma wapi? Yule si alikuwa mbele yako? Nimewaona mkitoka majini, alikuwa mbele"... eeh, alikuwa mbele, bila shaka alikuwa mbele, lini hajawa mbele, Tiara, baba ndiye aliyempa jina hilo, eti mwepesi kama kishada, ukimwachia uzi kidogo tu yuko juu, na huko ziwani, kwenye mawimbi yale ya kutapisha, Tiara alijibana nyuma ya miguu yake njia nzima, akipumzika kwenye mkondo wa mwenzake, kila mara kidole kinamgusa unyayo, tap, kuonyesha kwamba yupo, hajachoka, tap, na walipokaribia ufukweni akachomoka, akampita, akageuka na meno yote nje, "Asante kwa lifti, dada!", na watu wakacheka, hata mama alicheka chini ya mwavuli, alimwona.

Miaka miwili aliufanyia kazi mchezo huu peke yake, baada ya mume kuhama, akanunua baiskeli iliyotumika, akawa anaamka kabla ya zamu na kuzunguka barabara ya kiwanda mpaka mbwa wa mlinzi wakamzoea wakaacha kumbwekea, na hakuna aliyeuliza unafanya nini, mama alisema tu utaumia magoti, kisha Tiara akaja kula chakula cha Jumapili, akaiona baiskeli ukumbini, akasema na mimi nataka, kama zamani alivyotaka mdoli, kama alivyotaka chumba chenye dirisha, miezi minne tu, baiskeli ya kuazima, na mama huyoo, kila Jumamosi barabarani na chupa ya maji, "mngoje mwenzio, dada, usimwache nyuma," wakati aliyekuwa akiachwa nyuma ni nani?, mngoje mwenzio, mshike mkono mwenzio, wewe mkubwa... kitanzi, zungusha... vidole hivi si vyangu, ni vya maiti...

"Lakini ulimwona?" Mama amesogea, tumbo limegusa vyuma vya uzio. "Njiani huko, ulimwona?"... Alimwona, kwani kuna kitu duniani alichowahi kukiona vizuri kuliko hicho, alikuwa anamkaribia, ndiyo, kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe alikuwa anamkaribia, mteremko wa machimbo ya mawe, mvua imegeuka mawe sasa, yanagonga helmeti kama mtu anamwaga kokoto, tope jekundu limeshuka barabarani kwenye kona, na yeye alibana breki mapema kwa woga, huo woga wake ambao siku zote wamemcheka, na Tiara hakubana, Tiara hajawahi kubana, yeye akaona tairi la nyuma la mwenzake likichepuka taratibu, taratibu kabisa, kama mlango unaosukumwa na upepo, kisha mwili na baiskeli vikapita chini ya kizuizi cha chuma cha kando ya barabara na kuzama mtaroni, nyuma ya nyasi ndefu, na barabara ikabaki tupu kana kwamba hapakupita mtu... na alipofika pale akatazama, alikuwa anakwenda polepole, polepole kiasi kwamba angeweza kuteremsha mguu, na Tiara alikuwa amekaa ndani ya maji ya mtaro, maji yamemfika kiunoni, mkono mmoja umepakata kiwiko cha mwingine kama unavyopakata mtoto mchanga, bega limeshuka, kichwa kimeinamia upande huo, na yeyote anayepiga picha za mifupa kutwa kucha hahitaji mashine, mtulinga, mfupa huo wa kati ya shingo na bega umevunjika katikati, mtu wa namna hiyo hawezi kujiinua mtaroni, kila akijaribu mfupa unakwangua... na Tiara akamwona, hakupiga kelele, alisema "Dada" tu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani.

Vidole viligusa breki, viligusa, hilo anaweza kuapa, kisha vikaachia... "Watu wanakuja!" alimpigia kelele, watu gani?, nyuma yake hapakuwa na mtu, nyuma yake palikuwa na mvua, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hamwambii mtu, miguu, miguu iliyokuwa imekufa tangu kilima cha pili ikafufuka, akawa mwepesi, upepo uleule uliomkaba asubuhi nzima akaupasua, alikuwa anaimba, kweli, alikuwa anaimba kwa sauti kwenye mvua ya mawe, hajawahi kuendesha vile, hakuna aliyemgusa unyayo... "Dada, nakuuliza, ulimwona?"

"Sikumwona, mama."

Basi. Imetoka. Wala mbingu haikuanguka, mvua imeendelea vilevile, na mwamuzi anapita kati ya baiskeli na redio yake ya mkononi imebanwa sikioni, redio inakoroma, anatoa sauti, "Jamani sikilizeni! Kuna mwanamke mmoja hajapita darajani. Pikipiki imekwenda mpaka machimbo na kurudi, haikuona mtu. Nani amempita mtu aliyeanguka?", na wakimbiaji wawili wanaobadilisha soksi wanatikisa vichwa, na yeye pia anakiona kichwa chake kikitikisika, kinatikisika chenyewe, kwa sababu pikipiki haitaona kitu, nyasi zile zinafunika, lazima usimame, uzime injini, uchungulie chini ya kizuizi upande wa kushoto, ni yeye peke yake ajuaye, na maji ya mtaro yanapanda wakati mvua ikiwa hivi... mama ameweka mkono mdomoni, macho yamemtoka, "Mungu wangu, Tiara," anasema, halafu maneno yanaanza kumwagika, mama akiogopa husema ovyo, "Na jana usiku anacheka jikoni, ananiambia mama usimwambie dada, nikifika kwenye kukimbia nitamngoja, nitajifanya nimebanwa na msuli, apite mbele, yeye ndiye alianza, leo acha dada apate..."

Acha dada apate. Kwa hiyo hata hili alikuwa apewe, yeye ambaye maisha yote nguo zake ndizo zilizoshuka kwa mdogo, leo angeshushiwa medali, angeivaa, angepigwa picha nayo, na wawili hao wangekonyezana juu ya kichwa chake mpaka anazeeka, na chuki inampanda, moto wa kwanza mwilini tangu asubuhi, karibu uwashe vidole, halafu chini ya chuki kitu kingine kinamsubiri, kitulivu, kinamwambia alikuwa anakupenda yule, kwa namna yake ya kijinga, ile tap, tap kwenye unyayo, pengine ilikuwa nipo hapa, dada, twende, na wewe umemwacha kwenye maji... kamba, kamba, iko wapi kamba, imezama matopeni...

"Hebu lete," anasema mama, na kabla hajajua lete nini, mama amekitupa kile kiunzi cha mwavuli, amepiga magoti kwenye matope na gauni lake jema, amepitisha mikono miwili chini ya uzio na kukishika kiatu, "Mikono imekufa ganzi, huoni? Funga haraka, chukua baiskeli, rudi ukamtafute mwenzio, wewe ndiye unaijua njia," na mikono ya mama ina joto, inawezekanaje iwe na joto katika baridi hii, inamfuta tope kwenye kifundo, inaivuta kamba, na mwamuzi ameona, anakuja mbio, "Mama, mama, hairuhusiwi! Ukimsaidia anatolewa!", na mama hata hageuki, "Mtoe basi! Kwani nimekuzuia?", na mwamuzi anasimama, anahema, anamwangalia yeye kwa huruma, "Umeshatolewa, dada. Pole sana, ulikuwa vizuri," na anarudi kwenye redio yake inayokoroma.

Ameshatolewa. Anangoja kuumia, na haumii, hakuna kitu, nafasi ya tatu imekwenda na maji kama ganda la pipi na yeye anaitazama tu ikienda, kumbe haikuwa hiyo, kule juu alijiambia ni mashindano, kila mtu kwa nafsi yake, ndivyo yalivyo mashindano, na hapa mashindano yamekwisha na hakuna tena kinachomziba mdomo, ni maneno machache tu, mtaroni, kona ya machimbo, kushoto, chini ya kizuizi, mwamuzi hajafika mbali, angegeuka, na ulimi upo, ulimi haujafa ganzi... lakini mama hajawahi kumfunga viatu, ndicho anachokifikiria, anajishangaa lakini ndicho, hata siku ya kwanza ya shule alijifunga mwenyewe kisha akainama kumfunga mwenzake, na sasa kichwa cha mama kimeinama mbele yake, mvi zimelowa, zimegawanyika mpaka ngozi inaonekana, akisema tu maneno yale kichwa hicho kitainuka, na uso utakaomtazama hautakuwa tena uso wa mama yake, utakuwa wa mama wa Tiara, mpaka siku watakapozikana. Atasema. Hilo analijua, kama anavyojua sasa yeye ni mtu wa namna gani, na kinachomtisha ni kwamba kulijua hakumharakishi, maji yanapanda kule na yeye anahesabu mikono ya mama, kitanzi cha kwanza kimeshakaa, mama ameuma mdomo, anavuta cha pili, "Inabana?" anauliza, na yeye anasema, "Kidogo, mama. Ilegeze, uanze upya."