Tairi Bapa la Mwinyimadi

Mwinyimadi hakuzaliwa mjinga. Ujinga aliutafuta mwenyewe, akaupata ukubwani, na kila asubuhi alikuwa akiupiga msasa kwa kitambaa safi mbele ya nyumba yake.

Nazungumzia pikipiki yake. Ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, ya aina ile ambayo Wazungu huvuka nayo Afrika nzima wanapokosa kazi ya kufanya kwao. Mzungu mmoja alifika nayo Kibaha mwaka themanini na mbili, homa ikamlaza, na alipopata nafuu akasema hataki kuiona tena. Alipanda ndege, pikipiki ikabaki kwa Mwinyimadi. Ilikuwa na kioo kipana mbele, masanduku mawili ubavuni, na kiti ambacho bibi harusi na mama yake wangekaa wasigusane. Basi mtu mzima wa miaka arobaini na minane, meneja wa duka la ushirika la kijiji cha Janga, bwana wa rafu tano tupu na mzani mmoja, akaanza kuvaa kofia ya chuma hata akienda msikitini. Aliivua mlangoni pamoja na viatu.

Mimi ni Matano, fundi wa matairi hapa Kwa Mathias, Kibaha. Mwinyimadi ni mtoto wa mjomba wangu, yaani binamu, na kwetu binamu ni mtani. Tangu tujue kusema hatujawahi kuambiana neno jema. Alipopata mtoto nilimuuliza kama amefanana na jirani. Mbuzi wangu alipokufa alikuja kunipa pole huku anachokonoa meno. Asiyejua asili yetu angedhani tunachukiana, na angekosea. Ila nakiri kwamba mwaka ule utani wangu kwake ulikuwa umechacha. Mlikuwa na dharau ya kweli ndani yake, na dharau ile ilikuwa tamu, nikawa nailamba kila siku.

Sabuni ndiyo iliyonichachusha. Mwaka themanini na tatu sabuni ilikuwa habari ya kusimuliwa. Mke wangu Mwanaasha alikuwa akifulia majani ya mpapai, na mashati yangu yalitoka na rangi ambayo haina jina. Mlangoni kwa Mwinyimadi kulikuwa na tangazo, HAKUNA SABUNI, limeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa. Lakini yeye mwenyewe ukimkaribia ananukia, na pikipiki yake inanukia. Mtu anayeogesha chuma huku watoto wa kijiji wana upele, mimi nimheshimu kwa lipi?

Tairi la nyuma likaisha hadi nyuzi zikachungulia. Tairi la pikipiki la ukubwa ule halikuwepo Dar es Salaam, halikuwepo Morogoro. Siku ya Jumanne Mwinyimadi akanijia anaviringisha tairi la gari dogo la zamani, amelishika kama mtu anayemwongoza mwali.

"Binamu," akasema, "rimu inchi kumi na sita, tairi inchi kumi na sita. Mungu akupe nini tena?"

"Akupe akili," nikamjibu. "Hili ni la gari, bwege wewe."

"Gari ni nini? Ni pikipiki mbili zimeoana. Nifungie. Jumapili nakwenda Kisarawe kupeleka posa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kulikuwa na mjane Kisarawe anaitwa Mwanajuma, mwenye mikorosho yake na ulimi wake, na Mwinyimadi alikuwa amemzungukia mwaka mzima. Alikuwa amewatumia salamu ndugu za mjane kwamba atafika kwa pikipiki.

"Nikishuka kwenye basi, Matano, nimekwisha," akasema. "Kaka zake watanicheka mpaka niingie kaburini."

Nilikuwa na haki ya kukataa, fundi yeyote mwenye kichwa angekataa. Sikukataa, na sababu naisema: nilitaka kumwona anavyohangaika. Nilitaka arudi anachechemea kidogo, magoti yamechubuka, mdomo umefunga. Kidogo tu, kiasi cha kunifurahisha.

Kingo za tairi la gari ni ngumu, haziingii kwenye rimu ya pikipiki bila kulainishwa kwa maji ya sabuni. Nikamwambia alete sabuni.

"Sabuni hakuna," akasema, na shavu lake linanukia.

Nikamwita Mwanaasha, akatuletea bamia. Tukaziponda kwenye maji mpaka ute ukavutika, nikaupaka ukingo wote, nikachomeka vyuma vitatu vya kufungulia matairi, nikapanda juu kwa miguu miwili. Halafu nikajaza upepo mpaka mikono ikafa ganzi. Ukingo ulipokaa kwenye rimu ulilia mlio wa bunduki, na Mzee Mwishehe, muuza kahawa aliyekaa ng'ambo ya uwanja wangu, akamwaga kikombe. Mwinyimadi akapiga makofi peke yake.

Tulipolirudisha gurudumu mahali pake niliishika pikipiki kwa mikono, nikailaza ubavu taratibu kuijaribu. Tairi la pikipiki lina tumbo la mviringo. Ukilala kwenye kona, nalo linalala nawe. Hili lilikuwa bapa kama tofali. Lilikataa kulala. Lilinisukuma nirudi wima, nikazidi kulilaza, likasukuma tena, kisha ghafla likapanda kwenye pembe yake, mahali pembamba pa vidole viwili, na pikipiki nzima ikataka kunitoroka. Kicheko kilinitoka mwilini.

"Mwinyimadi," nikasema, "nisikilize. Njia iliyonyooka itakwenda vizuri. Lakini zile kona za kupandia Kisarawe usizikimbilie. Kila kona punguza mpaka mwendo wa mtu. Tairi hili halilali. Litakutoa nje ya barabara."

Akanitazama. Kisha akapasua kicheko, akawageukia wanywa kahawa. "Jamani, njooni mumsikie Matano! Leo kaja na mpya!"

"Nasema kweli."

"Kama ile kweli kwamba Mwanajuma ana ndevu?"

"Ile ilikuwa..."

"Au ile kweli kwamba Mzungu alifia kwenye kiti hiki, na usiku kinakohoa?"

"Wallahi, Mwinyimadi, safari hii..."

"Uliapa na siku ile!" Akanipiga bega. "Wivu utakuua, binamu. Utakufa na bamia zako mkononi."

Wote wakacheka. Na mimi, mbele ya kicheko kile, nikaona moto unanipanda.

Sasa kwetu jambo hili lina njia yake. Mtani akiwa na neno la kweli kwa mtani wake halisemi yeye. Humtuma mtu mzima asiye mtani wa yeyote, na mtu huyo huanza kwa kusema, nimetumwa, na hili si la utani. Hapo hata mwehu hunyamaza akasikiliza. Hivyo ndivyo tulivyopelekeana misiba yote katika ukoo wetu. Baba yangu alipofariki, Mwinyimadi hakuja kuniambia, alimtuma huyo huyo Mzee Mwishehe. Naye mzee alikuwa amekaa pale, hatua ishirini kutoka kwangu, anakung'uta kikombe chake.

Sikwenda. Nilijiambia, nimwinue mzee wa watu kwenye kahawa yake kwa ajili ya juha anayeficha sabuni? Nimeshasema kwa mdomo wangu, asiposikia shauri yake. Nikanawa ute wa bamia, nikaingia ndani kula.

Siku nne zilizofuata Mwinyimadi alinipitia asubuhi na jioni. Barabara ya Morogoro hapo kwetu imenyooka, na tairi lile liliipenda. Alipiga honi, akaonyesha nyuma kwa kidole, akapaza sauti: "Pole na wivu!" Siku ya Ijumaa alisimama kabisa, akaniambia kwamba tangu azaliwe pikipiki haijawahi kutulia hivyo, na kwamba ameshaamua hata la mbele atafunga la gari. Dharau yangu ikarudi nzima nzima, imenona zaidi. Nikaanza kuona hata lile onyo nililompa lilikuwa hasara.

Jumapili alichelewa kuondoka. Miaka ile, ili kubana mafuta, ilikuwa marufuku mtu binafsi kutembeza chombo chake Jumapili ikishapita saa nane mchana. Mtu mwenye busara angeondoka alfajiri. Mwinyimadi alikuwa anasubiri kanzu yake inyooshwe, kisha anasubiri udi, kisha akabadili koti. Saa saba ilikuwa imeshapita alipopita Kwa Mathias, kanzu imekusanywa mapajani, kofia ya chuma inang'aa, na safari nzima bado iko mbele yake. Hakupunguza mwendo. Alipunga mkono tu.

Nikasimama kwenye uwanja wangu, nikaweka mikono mdomoni, nikamfokea: "Msalimie mjane! Mwambie anyoe!"

Nilimwona anavyotikisika mabega kwa kicheko mpaka akapotea.

Jumatatu asubuhi utingo wa basi la kutoka mjini aliuliza kwa Matano ni wapi. Pikipiki kubwa ilikuta kona ikaenda moja kwa moja mpaka korongoni, akasema. Kona ya tatu ya mlima. Haikuonyesha dalili ya kukata, kama vile ile kona haikuwepo. Mwenyewe yuko hospitali Kisarawe, na amekuwa akitaja jina langu. Mzee Mwishehe alisikia yote. Alimwaga makaa, akafunika birika, akasema, "Twende, mwanangu."

Njia nzima hakuniuliza kitu. Nadhani alijua kwamba siku ile ilinipasa kumtuma yeye.

Wodini tulipokewa na muuguzi, Sista Laurensia, mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini. Mzee akakaa kwenye benchi, mwisho wa baraza. Mimi nikavutwa pembeni.

"Wewe ndugu yake?"

"Binamu yake."

"Mguu wa kulia umekufa. Kesho asubuhi utakatwa juu ya goti, la sivyo tutampoteza yeye mzima. Bado hajaambiwa. Ni vizuri aambiwe na mtu wake, ndipo atie dole gumba kwenye karatasi ya kukubali."

"Anajua kuandika," nikasema. "Ana mwandiko mzuri sana." Sijui kwa nini nilimwambia vile.

Mwinyimadi alikuwa kitanda cha ukutani. Kofia yake ya chuma ilikuwa juu ya kabati dogo, imebonyea. Shuka lilikuwa limeinuliwa juu ya mguu ili lisiuguse. Aliponiona akajiweka sawa, midomo ikakaa tayari. Alikuwa ananisubiri. Siku nzima alikuwa amesubiri nije nimtukane.

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Pole sana, ndugu yangu."

Uso wake ulikwisha pale pale.

"Matano," akasema. "Nakufa?"

"Hufi."

"Mbona unaniita ndugu?" Akanikamata kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Hujaniita hivyo hata siku tunamzika mama yangu. Niambie. Wamekwambia nini?"

Macho yake yalikuwa ya mtu anayezama. Nikajua kwamba neno moja zaidi la huruma kutoka kwangu litamuua kabla ya kisu. Basi nikavuta pumzi.

"Ufe wewe? Nani akupokee? Hata korongo limekuonja likakutema! Huko unakotaka kwenda wataanza kukuuliza sabuni iko wapi, na utawaandikia tangazo!"

Akanikodolea. Kisha kona moja ya mdomo ikapanda.

"Mtu unapewa barabara imepinda, na wewe unaona ni yenyewe iliyokosea," nikaendelea. "Mwanajuma kaokoka. Kaona bora ndevu zake kuliko wewe."

Akacheka. Ilimuuma, akashika mbavu, akacheka tena, na damu ikamrudi usoni. Miaka yote ile sikuwahi kutafuta tusi la kumpa Mwinyimadi. Yalikuwa yanakuja yenyewe kwa furaha. Siku ile kila moja nililichimba kwa kucha. Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikajifuta uso kwa shati langu la majani ya mpapai.

"Tairi je?" akauliza. "Limepona?"

"Limepona. Bapa vile vile."

"Si nilikwambia? Tairi zuri." Akalaza kichwa kwenye mto, ametulia sasa. "Goti hili likishaunga nakwenda tena kwa Mwanajuma. Utanifungia na la mbele."

"Nitakufungia," nikasema, "zuzu wewe." Nikatoka.

Mzee Mwishehe alikuwa pale pale kwenye benchi. Nilimwendea. Zilikuwa hatua chache, nadhani hazikufika ishirini.

"Mzee, nakutuma," nikamwambia, nikamweleza la mguu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu, na ningependa anilaumu. Akainuka, akaiweka sawa kofia yake ya kitambaa, akaingia wodini. Nikabaki nimeegemea ukuta nje ya dirisha.

"Karibu, mzee, shikamoo!" Sauti ya Mwinyimadi bado ilikuwa na kicheko ndani yake. "Umemsikia huyo mwehu?"

"Marahaba. Mwinyimadi, nimetumwa na Matano, na hili si la utani."

Kicheko kikakatika. Kitanda kililia mara moja. Alikuwa anasikiliza.